Nyundo Mbili

Daina ya Nyamizi imeinamia upande, hapa Nyakato,
shavu moja juu ya jeki, jeki juu ya jiwe.
Mwanza hatukosi jiwe la kukopa,
mlima wote ni stoo.

Tangu saa mbili tunaibembeleza bolijointi ya chini,
ya kushoto, ile inayopokea kila shimo la Igombe.
Pini imekubali. Nati imekubali.
Yenyewe imenyamaza ndani ya tundu lake
kama mdaiwa aliyesikia hodi
akazima redio.

Tungaraza, dereva, anajitetea kabla hajaulizwa:
"Mimi gari naliosha. Kila Jumapili naliingiza ziwani
mpaka maji yafike kitovu cha tairi."
Naam. Ndiyo maana.
Raba ilipasuka mwaka gani, hakuna ajuaye;
ziwa likaingia taratibu, likanywa grisi,
likaacha kutu kama risiti.

Tumemwaga dizeli. Tumemwaga oili ya breki.
Tumechomeka uma, tukaugonga hadi ukapinda,
Yombo akacheka,
kisha akakumbuka uma ni wa kukodi.

Simu. Nyamizi.
Dagaa wa magunia arobaini wameanikwa Kayenze
na wingu limesimama upande wa Ukerewe.
"Fundi, mvua haijui kusubiri spea."
"Dakika kumi," namwambia.
Dakika kumi za fundi. Hata yeye anacheka.

Dawa ipo, aliniachia marehemu Malimi:
usiipige bolijointi, piga sikio la chuma lililoishika.
Nyundo huku, nyundo kule, kwa pigo moja,
chuma kishtuke, kibonyee unene wa unywele,
kisahau kilichokuwa kimeshika.
Ila zinatakiwa nyundo mbili,
na nyundo ya pili ni ya Bugumba.

Mimi na Bugumba hatujasemezana siku tisa
kwa ajili ya soketi namba ishirini na nne
iliyotoka kwenye boksi langu ikiwa nzima
ikarudi na ufa.
Si soketi. Anajua si soketi.
Ni kule kuirudisha kimyakimya,
ufa umelazwa chini.

Yombo anatutazama kwa zamu.
Naokota nyundo. Kule kwenye kibanda cha betri
Bugumba anafuta mikono, kidole kwa kidole,
anakuja, anapiga goti mahali tairi lilipokuwa.
Nasema, "Kwa tatu."
Anasema, "Tatu yenyewe, au baada ya tatu?"
"Tatu yenyewe."

Moja, mbili, nikawahi.
Moja, mbili, akachelewa; nyundo yangu ikaruka,
ikamega rangi ya fenda. Tungaraza akaguna.
Moja.
Mbili.
Safari hii sikuhesabu,
nilisikiliza anavyovuta pumzi.

Pa.

Si mlio mkubwa. Kama mtu kavunja kuni
chumba cha pili.
Amu ikashuka juu ya gogo tulilolitega,
boli ikaning'inia kwenye nati
niliyokuwa nimeiachia nyuzi tatu makusudi,
maana chuma kikiachia hakichagui mguu wa nani.

Ilipotoka yote, Yombo akaizungusha kiganjani:
duara limeliwa, limekuwa yai.
"Kitu kidogo hivi ndicho kinabeba lori?"
Hakuna aliyemjibu.

Bugumba anaangalia lile wingu.
Anasema mpya iingie na grisi ya kutosha.
Kisha, amenipa mgongo, anatafuta kitambaa
ambacho kiko begani kwake:
"Nimeagiza. Inakuja na basi la Kahama."
"Namba ngapi?"
"Si unaijua."

Nasimama. Goti langu linalia kama geti.
Yombo ameshavuta jeki upande wa kulia,
anatafuta jiwe lingine,
na Bugumba, kabla sijashika nyundo,
ameshasema moja.